Safari ya Fosfeti: Historia ya Jinsi Seli Inavyoamsha Kinga Dhidi ya Virusi

Seli ya mnyama inapovamiwa na kirusi haina muda wa kuunda upya zana zake zote za kujikinga, kwa sababu virusi vingi hukamilisha mzunguko mmoja wa kuzaana kwa saa chache tu, na kutengeneza protini mpya kuanzia kwenye jeni hadi iwe tayari kwa kazi hula sehemu kubwa ya muda huo. Kwa hiyo protini kadhaa za mstari wa mbele katika ulinzi huu huwa zimekwisha kutengenezwa na zimo ndani ya seli kabla ya adui kufika, ila hazifanyi kazi, na kinachoziamsha ni badiliko dogo la kikemia linaloitwa fosforilesheni. Maana yake ni kubandikwa kwa kundi la fosfeti, yaani atomu moja ya fosforasi iliyozungukwa na atomu za oksijeni, juu ya moja ya asidi amino zinazounda mnyororo wa protini. Maarifa hayo yalipatikana kwa njia mbili zilizoanzia mbalimbali sana, moja katika uchunguzi wa virusi na nyingine katika uchunguzi wa sukari ya misuli, na kwa takriban miaka ishirini waliofuata njia moja hawakuwa na sababu kubwa ya kusoma maandiko ya waliofuata nyingine.

Njia ya virusi inapita Afrika Mashariki mapema kuliko inavyotajwa katika vitabu vingi. Mwaka 1931 Daubney, Hudson na Garnham walichapisha maelezo ya ugonjwa uliokuwa ukiua kondoo karibu na Ziwa Naivasha nchini Kenya, ugonjwa ambao tangu hapo hujulikana kama Homa ya Bonde la Ufa. Kirusi chake kilifika katika maabara za ng'ambo, na mwaka 1937 Findlay na MacCallum, waliokuwa wakifanya kazi London, waliripoti kwamba kima waliopewa kwanza kirusi hicho walikingwa dhidi ya kirusi cha homa ya manjano, ambacho kwa kawaida kingewaua. Virusi hivyo viwili havina undugu, hivyo haikuwezekana kudai kwamba kingamwili, yaani zile protini za damu zinazomtambua adui mmoja maalumu, zilitengenezwa dhidi ya kirusi cha kwanza zikakizuia pia cha pili. Kulikuwa na kitu kingine, chenye kasi zaidi na kisichochagua adui, na kwa miaka ishirini hivi wataalamu walilijua jambo lenyewe pasipo kujua kinacholisababisha.

Aliyelifuatilia hadi kufikia mada yenyewe alikuwa Alick Isaacs, daktari Mskoti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Tiba huko Mill Hill, kaskazini mwa London, akishirikiana na Jean Lindenmann, mtafiti kijana kutoka Uswisi aliyefika hapo mwaka 1956 kwa ufadhili wa muda. Walichukua vipande vya utando unaozunguka kiinitete ndani ya yai la kuku, wakaviweka katika maji ya chumvi pamoja na virusi vya influenza vilivyokwisha kuuawa kwa joto, na baada ya saa kadhaa wakaviondoa vipande hivyo na kuyabakiza maji. Maji hayo yalipowekewa vipande vipya vya utando, virusi hai vya influenza vilishindwa kustawi juu yake. Uzito wa jaribio hilo uko katika hatua ya kuyahamisha maji, kwa kuwa hatua hiyo ndiyo iliyothibitisha kwamba ulinzi haukutokana na virusi vya kwanza kuziba milango ya seli, kama wengi walivyodhani, bali seli zenyewe zilikuwa zimetoa kitu kilichokwenda kuzionya nyingine. Katika makala mbili za mwaka 1957 kitu hicho kiliitwa interferoni. Haki inadai kusemwa pia kwamba huko Tokyo, Nagano na Kojima walikuwa wameeleza tangu mwaka 1954, katika makala ya Kifaransa, kizuizi cha namna hiyo kilichopatikana katika tishu za sungura waliopewa kirusi cha chanjo ya ndui, lakini kazi yao haikusomwa sana nje ya duru ndogo.

Interferoni ilikuwa na kasoro moja kubwa machoni pa wanakemia: ilipatikana kwa viwango vidogo mno kiasi kwamba hakuna aliyeweza kuonyesha chupa yenye interferoni safi, na wapo waliotilia shaka kwamba kitu hicho kipo. Isaacs alifariki mwaka 1967 akiwa na umri wa miaka 45, kabla ya shaka hizo kuisha. Katika miaka ya 1970 sehemu kubwa ya interferoni iliyotumika katika majaribio ya tiba duniani ilitoka Helsinki, ambako Kari Cantell aliitoa katika chembe nyeupe za damu ya watu waliojitolea, na uhaba huo uliondoka tu baada ya jeni zake kunakiliwa na kuwekwa ndani ya bakteria, kazi iliyofanywa na Tadatsugu Taniguchi nchini Japani na Charles Weissmann huko Zürich kati ya mwaka 1979 na 1980. Matumaini yaliyofuata yalizidi ushahidi, na Afrika Mashariki nayo ilionja matumaini hayo: mwaka 1990 ilitangazwa nchini Kenya dawa ya UKIMWI iliyoitwa Kemron, ambayo haikuwa kitu kingine ila interferoni ya aina ya alfa kwa kipimo kidogo sana kilichoyeyushwa mdomoni, na majaribio yaliyofuata, yakiwemo yaliyofanywa Uganda, hayakuonyesha manufaa yoyote. Tatizo la enzi hiyo, kwa mtazamo wa leo, lilikuwa kwamba dutu ilikuwa mkononi ilhali kinachotokea ndani ya seli baada ya kuipokea kilikuwa bado gizani.

Njia ya pili ilianzia kwenye glaikojeni, wanga ambao misuli na ini huhifadhi kama akiba ya sukari. Carl na Gerty Cori, mume na mke waliofanya kazi St. Louis nchini Marekani, walikuwa wameonyesha kwamba kimeng'enya kinachovunja glaikojeni, kiitwacho fosforilesi, kina sura mbili, moja iliyo tayari kwa kazi na nyingine iliyolala, lakini tofauti kati ya sura hizo haikueleweka. Katikati ya miaka ya 1950 Edwin Krebs, aliyekuwa amepitia maabara ya akina Cori, na Edmond Fischer, aliyezaliwa Shanghai na kusomea Geneva, walikutana katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle na kuamua kulimaliza swali hilo. Waligundua kwamba sura iliyopatikana ilitegemea namna supu ya misuli ilivyochujwa: ikipita kwenye karatasi ya kuchujia kimeng'enya kiliamka, na isipopita kililala, kwa sababu karatasi hiyo ilikuwa na mabaki ya kalisi, na kalisi ilikichochea kimeng'enya kingine kilichokuwa ndani ya supu hiyo hiyo. Kimeng'enya hicho cha pili kilichukua fosfeti kutoka kwenye ATP, ile molekuli inayobeba nishati ya seli, na kuibandika juu ya serini moja tu, mojawapo ya asidi amino mia kadhaa za fosforilesi. Vimeng'enya vya kazi hiyo huitwa kinasi, na vile vinavyoondoa fosfeti huitwa fosfatasi. Tuzo ya Nobel iliwafikia Krebs na Fischer mwaka 1992, zaidi ya miaka thelathini na mitano baada ya kazi yenyewe, ucheleweshaji unaoeleweka ukikumbuka kwamba wakati wa ugunduzi ule hapakuwa na mtu aliyejua kwamba seli ya binadamu ina zaidi ya aina mia tano za kinasi na kwamba karibu kila shughuli yake hupita mikononi mwa mojawapo.

Inafaa kueleza kwa nini kitu kidogo hivyo kina nguvu. Fosfeti hubeba chaji hasi mbili, na inapotokea mahali palipokuwa hapana chaji huvuta sehemu za protini zenye chaji chanya na kusukuma zile zenye chaji hasi, hivyo mnyororo uliokuwa umejikunja kwa namna moja hujikunja kwa namna nyingine, au protini nyingine iliyokuwa ikipita bila kujali hupata mahali pa kushika. Badiliko hilo hutokea kwa muda mfupi sana na halihitaji jeni kusomwa. Zaidi ya hayo linafutika, kwa kuwa fosfatasi ikipita huirudisha protini usingizini.

Njia hizo mbili zilikutana kwanza katika mirija ya majaribio yenye maji ya chembe changa za damu nyekundu za sungura, ambayo wanabiolojia waliyapenda kwa sababu hutengeneza protini kwa wingi hata nje ya seli. Mwaka 1971 Ellie Ehrenfeld na Tim Hunt walionyesha kwamba kiasi kidogo mno cha RNA yenye nyuzi mbili, iliyotoka katika seli zenye kirusi cha polio, kilitosha kusimamisha utengenezaji huo wote. RNA ya kawaida ya seli huwa na uzi mmoja, ilhali virusi vingi huacha RNA ya nyuzi mbili wakati vinapojinakili, kwa hiyo molekuli hiyo ni dalili ya uvamizi. Baadaye katika miaka ya 1970 maabara kadhaa, ikiwemo ya Ian Kerr huko Mill Hill, zilibaini kwamba seli zilizopewa interferoni huongeza kinasi ambayo hubaki kimya mpaka ikutane na RNA hiyo. Kinasi hii, inayojulikana sasa kwa jina la PKR, ikishikwa na RNA ya nyuzi mbili hujibandika fosfeti yenyewe, kisha huibandika juu ya serini ya 51 ya protini iitwayo eIF2, ambayo kazi yake ni kuanzisha kila protini mpya ya seli. Matokeo yake ni kwamba kiwanda kizima husimama, kirusi hukosa protini za kujijengea, na seli yenyewe huweza kufa kwa ajili ya jirani zake. Kirusi cha Naivasha kinatoa ushahidi wa thamani ya silaha hiyo kwa njia ya kinyume: kina protini ndogo iitwayo NSs, ambayo watafiti walionyesha mwaka 2009 kwamba huifanya PKR ivunjwevunjwe na mitambo ya taka ya seli yenyewe, na virusi vilivyopoteza sehemu kubwa ya protini hiyo havina tena makali.

PKR ilieleza sehemu tu ya mambo. Interferoni huifanya seli isome mamia ya jeni zilizokuwa zimefungwa, na haikujulikana habari hiyo husafirije kutoka kwenye ngozi ya seli, ambako interferoni hutua juu ya kipokezi chake, hadi ndani ya kiini ambako DNA imehifadhiwa. James Darnell wa Chuo Kikuu cha Rockefeller mjini New York na wenzake walijua tayari kwamba safari hiyo huchukua dakika chache na kwamba hufanikiwa hata seli inapozuiwa kutengeneza protini mpya, dalili kwamba mjumbe yumo ndani ya seli tangu mwanzo akisubiri. Walimsafisha mjumbe huyo hatua kwa hatua, na mwaka 1992 wakatangaza kwamba ni kundi la protini ambazo interferoni huzifanya zibandikwe fosfeti juu ya tirosini. Protini hizo ndizo zinazoitwa leo STAT1 na STAT2.

Hapa pana deni kwa ugunduzi mwingine. Hadi mwaka 1979 ilidhaniwa kwamba fosfeti hubandikwa juu ya serini na threonini pekee, asidi amino mbili zinazofanana, mpaka Tony Hunter wa Taasisi ya Salk huko California alipotenganisha mazao ya kinasi inayohusiana na kirusi cha saratani ya panya kwa kutumia kimiminika cha zamani kilichokuwa kimebadilika kidogo uchachu wake. Katika kimiminika kipya fosfeti ya tirosini ingejificha juu ya ile ya threonini, lakini katika kile kilichochakaa zilitengana. Fosfeti za tirosini ni chini ya sehemu moja kati ya elfu ya fosfeti zote zilizo juu ya protini za seli ya kawaida, na bila bahati hiyo zingeweza kukaa muda mrefu zaidi bila kuonekana.

Nani basi aliyekuwa akiibandika fosfeti juu ya STAT1? Jibu lilitoka London na Paris kwa mbinu tofauti kabisa. George Stark na Ian Kerr, waliokuwa katika Mfuko wa Kifalme wa Utafiti wa Saratani, pamoja na Sandra Pellegrini, walitengeneza seli za binadamu ambazo zikiitikia interferoni zilikufa kwa sumu maalumu, kisha wakaziharibu jeni zake ovyo kwa kemikali na kukusanya zile chache zilizonusurika, kwa kuwa kunusurika kulimaanisha kwamba kiungo fulani cha mnyororo kilikuwa kimekatika. Halafu walizirudishia seli hizo jeni za kawaida mpaka uwezo wake urejee. Mwaka 1992 kiungo cha kwanza kilipatikana kwa njia hiyo, nacho kilikuwa kinasi ya tirosini iitwayo TYK2, ndugu wa kinasi za JAK ambazo Andrew Wilks alikuwa amezipata Melbourne miaka michache kabla bila kujua kazi yake. Ndani ya miaka miwili picha ilikamilika: interferoni huunganisha nusu mbili za kipokezi, kinasi mbili zilizoshikamana na nusu hizo hubandikana fosfeti, kisha huibandika juu ya kipokezi na juu ya tirosini ya 701 ya STAT1. Protini mbili za STAT zilizobandikwa hivyo hushikana, kila moja ikiikamata fosfeti ya mwenziwe, na kwa kushikana huko ndipo zinapoweza kuingia katika kiini na kufungua jeni. Katika historia yote hii hakuna sehemu iliyofungwa kwa ufasaha zaidi, na mnyororo huo wa JAK na STAT umekuwa tangu hapo kielelezo cha namna ishara inavyosafiri ndani ya seli.

Lakini mnyororo huo unaeleza seli inayopokea onyo. Seli iliyoambukizwa kwanza, ile inayotoa onyo, ilibaki kitendawili kwa miaka mingine ishirini na zaidi. Mwaka 1995 kundi la Paula Pitha katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins lilieleza protini iitwayo IRF3, na mwaka 1998 makundi kadhaa, miongoni mwao ya John Hiscott huko Montreal na ya Takashi Fujita nchini Japani, yalionyesha kwamba IRF3 hukaa imelala nje ya kiini, hubandikwa fosfeti kwenye mkia wake mara kirusi kinapoingia, huungana mbili mbili, kisha huenda kufungua jeni ya interferoni ya aina ya beta. Mkia huo una serini nyingi zilizokaribiana, na makundi hayo yalivutana kwa miaka kuhusu ni ipi iliyo ya lazima, Montreal wakiitetea ile ya 396 na Wajapani ile ya 386. Kinasi inayohusika ilijulikana mwaka 2003, pale maabara ya Tom Maniatis na ile ya Hiscott zilipoitaja karibu kwa wakati mmoja: ni TBK1, ikisaidiwa na ndugu yake IKKε.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya mashindano. Fujita aliripoti mwaka 2004 kwamba RIG-I ndiyo inayohisi RNA ya virusi ndani ya seli, na mwaka 2005 makundi manne yalitangaza protini ile ile moja inayopokea habari kutoka RIG-I, kila kundi likiipa jina lake. Jina lililodumu ni MAVS, la Zhijian Chen wa Dallas, mzaliwa wa Fujian nchini China, ambaye pia alionyesha jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, kwamba protini hiyo imepandikizwa juu ya utando wa nje wa mitokondria, sehemu za seli ambazo hadi hapo zilijulikana zaidi kwa kuzalisha nishati. Mwaka 2008 Ishikawa na Barber walieleza STING, ambayo hufanya kazi kama hiyo upande wa DNA, na kufikia mwanzo wa mwaka 2013 Chen na wenzake walikuwa wamepata cGAS, kimeng'enya kinachohisi DNA iliyo nje ya mahali pake na kutengeneza molekuli ndogo, cGAMP, inayokwenda kuiamsha STING. Pamoja na TRIF, inayotumikia vipokezi vingine, protini za kuunganisha zikawa tatu, na zote ziliishia kwa TBK1 na IRF3.

Katika utajiri huo wa majina palikuwa na swali ambalo watu wengi walilipita. TBK1 huamshwa na ishara nyingi zisizohusiana na virusi, kwa mfano zile za uvimbe wa kawaida, lakini katika hali hizo IRF3 haiguswi na interferoni haitoki. Kinasi ipo, imeamka, na shabaha yake imo ndani ya seli hiyo hiyo, ilhali hakuna kinachotokea. Kwa hiyo kuamka kwa kinasi hakukutosha kuwa maelezo, na katika ukweli huo ndimo ulimokuwa ufunguo. Mwaka 2015 Chen na wenzake walichapisha jibu katika jarida la Science: kabla IRF3 haijabandikwa fosfeti, MAVS, STING au TRIF lazima ibandikwe kwanza. Protini hizo tatu, ambazo kwa sehemu nyingine hazifanani hata kidogo, zina kipande kifupi cha asidi amino kinachorudiwa katika zote, chenye leusini, isoleusini na serini katika mpangilio mmoja, na serini hiyo ndiyo inayopokea fosfeti, ya 442 katika MAVS na ya 366 katika STING. Fosfeti ikishakaa hapo, IRF3 huja kuishika kwa sehemu yake yenye chaji chanya, na kwa kufanya hivyo hujikuta imesogezwa karibu na TBK1. Ishara zisizo za virusi zinaweza kuiamsha TBK1 zitakavyo, lakini kwa kuwa hazipitii protini yenye kipande hicho, hazina pa kuiitia IRF3.

Mwaka uliofuata Pingwei Li na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas A&M walipiga picha za miundo hiyo kwa mionzi ya eksirei na kuona kwamba IRF3 yenyewe ina kipande hicho hicho kwenye mkia wake, na kwamba serini iliyomo ni ile ya 396 iliyokuwa ikitetewa na kundi la Montreal. Utaratibu mzima ukawa wazi: IRF3 hukishika kipande cha STING kilicho na fosfeti, TBK1 huibandika fosfeti IRF3 mahali panapofanana, IRF3 huachia, na sehemu ile ile iliyokuwa imeishika STING sasa huishika IRF3 ya pili, hivyo zikawa mbili zilizoungana. Umbo moja hutumika mara mbili, kwanza kuita na kisha kuunganisha, na ni vigumu kuona namna ambayo seli ingebania zaidi ya hapo. Picha za mwaka 2019 ziliongeza sharti lingine, kwamba TBK1 iliyoshikwa na mkia wa STING haiwezi kuufikia mkia huo huo ili iubandike fosfeti, bali huubandikia mkia wa STING iliyo jirani. Kwa sababu hiyo STING moja moja zilizotawanyika haziwezi kuanzisha chochote, na zinapaswa kukusanyika kwa wingi kwanza, kizuizi kinachoisaidia seli isipige kelele kwa kosa dogo. Kelele zisizo na sababu ni hatari kweli kweli: mwaka 2014 walielezwa watoto ambao STING yao, kwa kubadilika kwa jeni, haikulala kamwe, nao walikuwa na uvimbe mkali wa mishipa ya damu na mapafu tangu wakiwa wachanga.

Virusi vimeujua mnyororo huu kabla ya wanasayansi, na kila kiungo chake kina kirusi kinachokishambulia. Kile cha homa ya ini aina ya C huikata MAVS karibu na shina lake na kuiachia ielee mbali na mitokondria. Ebola, kilichoua watu zaidi ya 2,200 katika mlipuko wa Kivu Kaskazini na Ituri wa mwaka 2018 hadi 2020, huficha RNA yake kwa protini iitwayo VP35, ambayo pia hujitoa kwa TBK1 kama shabaha ya uongo, na kwa protini nyingine, VP24, huizuia STAT1 iliyokwisha kupata fosfeti yake isivuke kuingia kiini. Upande wa wagonjwa, kundi la Jean-Laurent Casanova lilieleza mwaka 2003 watoto wachanga wasio na STAT1 kabisa waliokufa kwa maambukizi ya virusi, na mwaka 2020, katikati ya janga la UVIKO-19, likaonyesha kwamba wagonjwa 101 kati ya 987 waliozidiwa sana walikuwa na kingamwili zilizozishambulia interferoni zao wenyewe. Kwa watu hao seli zilizoambukizwa huenda zilitoa onyo ipasavyo, ila onyo hilo lilinaswa njiani kabla ya kufika kwa JAK na STAT za seli jirani.

Uchunguzi wa karibuni umegeukia asili ya mfumo wenyewe, na matokeo yake yameupindua mpangilio ambao historia hii ingeweza kuudhania. Mwaka 2015 ilionyeshwa kwamba anemoni wa baharini, mnyama ambaye ukoo wake ulitengana na wa binadamu zaidi ya miaka milioni mia tano iliyopita, ana STING inayoishika cGAMP karibu kama ya binadamu, lakini haina mkia unaobandikwa fosfeti. Kuanzia mwaka 2019 maabara za Rotem Sorek nchini Israeli na Philip Kranzusch huko Boston zimeonyesha kwamba hata bakteria wana jamaa za cGAS na STING, wanaozitumia kujikinga dhidi ya virusi vyao wenyewe. Bakteria hao hawana interferoni wala IRF3, na STING yao ikiamka huteketeza molekuli muhimu za seli mpaka bakteria aliyeambukizwa afe kabla kirusi hakijazaana. Mkia wenye serini ya 366 uliongezwa baadaye juu ya protini iliyokuwa na kazi tangu zamani, na inaonekana kazi hiyo ya zamani haijafutika. Mwaka 2020 makundi mawili yaliyobadilisha serini hiyo peke yake katika panya wa maabara yaliripoti kwamba panya hao, ingawa STING yao haikuweza tena kuitisha interferoni, bado walikistahimili kirusi cha herpes kuliko wenzao wasio na STING kabisa.